Kwa nini neno la kuchekesha hufa linaposimuliwa mara ya pili?

Kombo (mleta mada)

Nawasalimu nyote. Naomba tujadili jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini limenishughulisha kwa muda. Yapo maneno mafupi ambayo mtu huyatamka katikati ya mazungumzo ya kawaida na watu wote wakaangua kicheko, kisha maneno hayo hayo, yakisimuliwa saa chache baadaye mbele ya watu wengine, hupokewa kwa ukimya wa heshima na swali la "Halafu?".

Mfano wangu ni huu. Kazini kwetu kiliitishwa kikao cha kujadili namna ya kupunguza vikao. Kiliendelea hadi kila mtu akachoka, na mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye la nyongeza, mwenzetu mmoja ambaye hakuwa amesema lolote tangu mwanzo alinyoosha mkono akauliza, "Tukutane tena lini tuone kama vimepungua?" Chumba kizima kilicheka, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Jioni nilimsimulia mke wangu kisa hicho kwa ukamilifu, pamoja na ajenda, majina ya waliohudhuria na hoja zilizotolewa, na nilipomaliza aliniuliza kama tarehe ya kukutana ilipangwa.

Nina maswali mawili. La kwanza, ni nini hasa hupotea kati ya kusemwa na kusimuliwa? La pili, je, uwezo wa kutamka neno kama hilo papo kwa papo unaweza kufundishwa, au ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho? Wengi husema kwamba siri yote ni ufupi. Mimi sidhani kama ufupi unatosha, kwa maana hata "ndiyo" ni neno fupi na halijapata kumchekesha mtu.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Kombo, neno "ndiyo" linaweza kuchekesha kuliko unavyodhani. Yote hutegemea swali lililotangulia. Mguse mtu aliyefumba macho kitandani umwulize, "Umelala?", naye akujibu kwa sauti nzito, "Ndiyo", na utacheka kabla hujajua unacheka nini. Hapo hapakubuniwa neno lolote. Aliyelala ametoa tu jibu ambalo swali halikumwachia nafasi ya kulitoa, kwa sababu anayeuliza "Umelala?" hutarajia ama kusikia "La", ama kutosikia kitu kabisa.

Nadhani swali lako la kwanza linajibiwa hapo. Mzaha una sehemu mbili: matarajio yanayojengwa, na neno linaloyapindua. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1790 kwamba kicheko huzuka pale matarajio yaliyokazwa yanapogeuka ghafla kuwa si kitu, na ingawa maelezo hayo hayatoshi kwa kila kicheko, kwa mizaha mifupi ya mazungumzo yanafaa sana. Katika hadithi ya kuchekesha, msimulizi huyajenga matarajio mwenyewe, sentensi baada ya sentensi. Katika neno la papo kwa papo, matarajio yamekwisha kujengwa na wengine bila mcheshi kutoa jasho. Ninyi mliokuwa kikaoni mliyajenga kwa uchovu wenu, kwa kutazama saa, na kwa kila hoja iliyorudiwa na mtu wa pili kwa maneno tofauti. Mwenzenu alichangia sentensi moja tu, na sehemu iliyobaki mlikuwa mmekwisha kuilipia. Mkeo hakuwa amechoka. Ulimpelekea neno la kupindua bila kitu cha kupinduliwa.

Salamu ndizo zinazoonyesha jambo hili kwa urahisi zaidi, kwa kuwa jibu la salamu hujulikana na kila mtu kabla halijatamkwa. Anayeulizwa "Umeshindaje?" hutarajiwa kusema "Salama", akisema "Leo nimetoka sare", neno moja limehamishwa kutoka katika kupitisha siku hadi katika uwanja wa mpira, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Anayeambiwa "Pole na kazi" anaweza kujibu, "Pole ipewe kazi, ndiyo iliyokutana nami." Anayepokelewa mlangoni kwa swali la "Umefika?" anaweza kusema, "Bado, nimetanguliza mwili." Sidai kwamba yote haya ni mazuri kwa kiwango kimoja. Hilo la mwisho nimelisikia mara nyingi mno, na mzaha uliozoeleka huwa salamu nyingine tu.

Fundi Sentensi

Nakubaliana na Mwalimu, ila naona amemsamehe msimulizi mapema mno. Kombo, umesema ulimsimulia mkeo "kwa ukamilifu". Ukamilifu ndio ulioua. Ili msikilizaji mgeni acheke anahitaji kujua mambo mawili pekee: kwamba kikao kilihusu kupunguza vikao, na kwamba kilikuwa kirefu. Ukimya wa mwenzako ni nyongeza yenye faida, kwa kuwa mtu asiyesema akisema hutegewa sikio, lakini ajenda na majina ya waliohudhuria ni kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu za kikao hazijapata kumchekesha mtu ambaye hakutajwa humo. Tena usianze kwa kusema, "Leo kuna mwenzetu ametuvunja mbavu", kwa sababu hapo umemtangazia msikilizaji kwamba anadaiwa kicheko, na hakuna apendaye kudaiwa. Mimi ningesema hivi: "Leo tumekaa saa tatu kujadili namna ya kupunguza vikao. Mwishoni mtu aliyekuwa kimya muda wote akauliza tukutane lini tuone kama vimepungua." Kisha ningenyamaza.

Kunyamaza ni sehemu ya sentensi. Neno linalopindua likae mwisho kabisa, na baada yake pasifuate kitu, wala maelezo, wala jina la aliyelisema. Wengi huharibu hapo: wanasema neno, halafu wanaongeza "yaani alimaanisha kwamba…", na anayetaka kucheka analazimika kusubiri hadi somo liishe.

Katika Kiswahili suala hili la neno la mwisho lina ugumu wake, na ninashangaa kwamba halizungumzwi sana. Viambishi vyetu vya ngeli hutangulia na kutoboa siri. Chukueni mzaha huu: "Huja mara moja kwa mwezi, hukaa siku mbili, huondoka bila kuaga: mshahara." Kiambishi "hu-" cha mazoea hakibebi ngeli yoyote, kwa hiyo msikilizaji anamwona mgeni, pengine ndugu fulani anayemfahamu vizuri, hadi neno la mwisho litamkwe. Sasa badilisheni kidogo: "Unakuja mara moja kwa mwezi, unakaa siku mbili, unaondoka bila kuaga." Msikilizaji ama atadhani unamsema yeye na kuanza kujitetea, ama atakuwa amekwisha kutambua kwamba ni kitu cha ngeli ya U, na mshahara utakapotajwa hautamshtua. Maana haikubadilika hata kidogo; mzaha umekufa kwa silabi moja.

Ngeli ya A-WA nayo huficha kwa namna yake, kwa sababu haimtengi mtu na mnyama, wala mwanamume na mwanamke. "Anakula bure, analala mchana kutwa, hanisalimu nikirudi, na bado namtetea mbele ya majirani: paka wangu." Sentensi hiyo inamruhusu kila msikilizaji amweke humo mtu wake, shemeji, mtoto mkubwa, hata mwenzi wa ndoa, na anachocheka mwishoni ni wepesi wake mwenyewe wa kudhani. Kitu cha ngeli ya KI-VI hakina bahati hiyo. Ukianza na "kinakula" umekwisha kukiri kwamba si mtu, na hapo ni heri ukitaje mapema na utafute mpinduko mahali pengine.

Msomaji wa Kale

Nina pingamizi. Kama kila neno la papo kwa papo hufa nje ya chumba chake, mizaha ya kale isingetufikia. Katika Philogelos, mkusanyo wa Kigiriki wenye vichekesho 265 uliotoka zama za kale, umo mzaha wa kinyozi mwenye maneno mengi anayemwuliza mteja, "Nikunyoe vipi?", naye mteja anajibu, "Kimya." Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zama za kale, anayaweka maneno hayo hayo kinywani mwa Archelaus, mfalme wa Macedonia, aliyefariki mwaka 399 kabla ya Kristo. Mfalme ametoweka, lugha yake imebadilika, wembe wenyewe umekuwa mashine, na bado hakuna aliyewahi kunyolewa na msemaji ambaye neno hilo litampita.

Kwa hiyo ningemsahihisha Mwalimu kidogo: yapo matarajio yanayobaki chumbani, na yapo yanayosafiri pamoja na msikilizaji. Kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi anayo ya kwake tayari. Kikao cha Kombo nacho kiko karibu na aina hiyo, maana vikao virefu havina nchi, na ndiyo sababu namna ya Fundi inaweza kukiokoa. Yasiyookoka ni yale yanayohitaji kumjua mtu fulani, sauti yake, na alichosema juzi.

Plutarch huyo huyo anasimulia kwamba Philip, mfalme mwingine wa Macedonia, aliwaandikia Wasparta, watu wa mji wa Sparta huko Ugiriki, akiwatishia yatakayowapata kama ataingia katika nchi yao, nao wakamjibu kwa neno moja: "Kama." Hapa Kombo ana haki kusema kwamba ufupi pekee hautoshi. Jibu hilo lina nguvu kwa sababu limetolewa ndani ya tisho lenyewe. Wasparta hawakuongeza neno, walichagua moja kati ya maneno ya adui na kumrudishia.

Cicero, msemaji maarufu wa Roma ya kale, katika kitabu chake juu ya msemaji cha mwaka 55 kabla ya Kristo, alitofautisha ucheshi ulio katika jambo na ucheshi ulio katika neno, na kipimo chake bado kinafaa: badilisha maneno, na kama kicheko kinabaki, kilikuwa katika jambo, kama kimetoweka, kilikuwa katika neno. Mzaha wa kinyozi unaishi katika lugha yoyote. "Nimetoka sare" hauvuki mpaka, kwa kuwa umesimama juu ya kitenzi kimoja chenye maana mbili. Vivyo hivyo mtu akiambiwa "Kaa hapa" na kuuliza, "Kaa wa baharini au kaa la moto?", amecheza na neno ambalo hubaki na maana zote hadi upatanisho wa kisarufi, yaani "wa" au "la", uingie na kulichagulia moja.

Kombo

Nawashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichokitarajia. Swali la kipaji naona bado halijaguswa, na limenizalia jingine kuhusu maandishi. Namfahamu mtu ambaye akiambiwa "Umepotea sana!" hujibu, "Nilipotea kweli, ila sikusikia mtu akinitafuta." Ana kwa ana jibu hilo huwachekesha watu wote, pamoja na aliyejibiwa. Siku alipoliandika katika kundi la ujumbe wa simu, aliyejibiwa aliomba radhi kwa aya mbili, na watu wengine watatu wakaomba radhi baada yake. Maneno hayakubadilika, msemaji hakubadilika, na wasikilizaji walikuwa wanamjua wote. Hapo nani alikosea?

Bi Mwandani

Sioni kama kuna aliyekosea, Ndugu Kombo. "Sikusikia mtu akinitafuta" ni mzaha na ni lawama kwa wakati mmoja, na uzuri wake umo katika mchanganyiko huo. Ana kwa ana, macho na sauti ya msemaji humwelekeza msikilizaji achukue sehemu ipi kwanza, naye huichukua lawama baadaye, ikiwa ataichukua. Maandishi yanapoondoa uso, lawama hubaki peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa. Mzaha ulikuwa usoni.

Shida hiyo ilionekana mapema kwa watu wa kompyuta. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani alipendekeza kwa wenzake waliokuwa wakijadiliana kwenye ubao wa ujumbe wa kompyuta waandike alama ya :-) kando ya maneno ya mzaha, kwa sababu wasomaji walikuwa wakishindwa kuutenga mzaha na habari ya kweli. Nyuso zote za kucheka tunazozituma leo zinafuata njia ile. Hata hivyo alama hiyo ina gharama yake, na hapa nayachukua maneno ya Fundi: inatangaza deni la kicheko. Neno lisilo na hatari lizidi kuandikwa bila alama, msomaji apewe heshima ya kuligundua mwenyewe. Mimi huiweka pale tu ninapoona lawama inaweza kufika kabla ya mzaha.

Lipo pia suala la nani anatazama. Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu mizaha, aliona kwamba mzaha wenye shabaha huhitaji watu watatu: msemaji, anayelengwa, na msikilizaji ambaye ndiye anayecheka. Mkiwa wawili, anayelengwa na msikilizaji ni mtu mmoja, naye anaweza kuchagua kucheka. Katika kundi la simu wasikilizaji ni wengi na hawaonekani, hivyo anayelengwa hajui wangapi wanacheka wala wanacheka nini, na kuomba radhi kunakuwa njia ya salama kuliko zote. Kwa sababu hiyo kijembe chenye ncha ni afadhali kitumwe kwa mtu mmoja, au mtu ajielekezee mwenyewe. "Daktari ameniambia nikimbie kila asubuhi, nami kila asubuhi naukimbia ushauri wake" ni neno ambalo unaweza kulituma popote, maana anayelengwa ametoa idhini.

Naongeza jambo moja linaloniudhi. Yuko mtu anayerusha kijembe, akiona sura imebadilika anasema, "Natania tu." Maneno hayo hayafuti kitu. Yanamnyima mwenzake hata haki ya kukasirika, na kumwachia jukumu la kuonekana hana ucheshi. Kama ulikuwa mzaha, ungekwisha kujulikana.

Mwalimu Mstaafu

Nalipokea sahihisho la Msomaji wa Kale. Matarajio yanayosafiri ni nyongeza nzuri kuliko nilivyoliweka mimi.

Kuhusu kipaji: Denis Diderot, mwandishi wa Ufaransa wa karne ya 18, alieleza hali ya mtu anayenyamazishwa na maneno ya mwenzake mezani, asipate la kujibu hadi amekwisha kushuka ngazi na kuondoka. Wafaransa huiita hadi leo akili ya ngazini. Wengi wetu tunayo hiyo, tena nyingi, na tunadhani kuwa wacheshi wana ya aina nyingine. Mimi sidhani. Maswali ya mazungumzo ya kila siku ni machache na hurudi yale yale, kwa hiyo jibu lililochelewa kwa swali la leo limewahi kwa swali la wiki ijayo. Wengi wanaosifiwa kwa wepesi wa ulimi wana akiba waliyoiokota ngazini, na wepesi wao uko katika kutambua kwamba swali limerudi.

Kinachoweza kufundishwa, basi, ni kusikiliza. Wasparta walichukua neno la adui, aliyelala alichukua neno la aliyemwamsha, na hata mwenzake Kombo alichukua ajenda ya kikao na kuirudisha kwa kikao. Sioni mfano hata mmoja katika mjadala huu ambao mcheshi alikuja na kitu kutoka nje. Mtu anayekaa kimya akitunga neno lake huku wenzake wanasema hukosa kusikia lile ambalo lingemtosha. Kisichofundishika kwa urahisi ni kipimo cha saa: nahisi kwamba mtu wa kikaoni alikuwa nalo swali lake tangu saa ya kwanza, na kama angelisema wakati huo, kabla watu hawajachoka, lingechukuliwa kuwa swali la kawaida na mwenyekiti angeliingiza katika mengineyo.

Fundi Sentensi

Nakubali habari ya akiba, lakini akiba hiyo ni lazima ichambuliwe mara kwa mara. Mtu akishakusikia ukitoa jibu lile lile mara mbili, ya tatu anaitikia kabla yako. "Nimetanguliza mwili" halihitaji tena kuboreshwa, linahitaji kupumzishwa. Kwa swali hilo hilo la "Umefika?" ninalo jingine ambalo bado nalifanyia majaribio, na hadi sasa limepita kwa shemeji mmoja tu: "Kumbe hata wewe una shaka?"